Mizunguko Hulipiwa na Nani? Udereva wa Mbio za Magari kwa Asiyezaliwa na Mali

Mwezi Desemba mwaka 1995, katika hafla ya tuzo za mbio za magari jijini London, mtoto wa miaka 10 aliyevaa suti ya kuazima alimwendea Ron Dennis, mkuu wa timu ya McLaren, akiwa na kijitabu chake cha kukusanyia saini, akamwambia kuwa siku moja angependa kuendesha magari yake. Dennis alimwandikia ampigie simu baada ya miaka tisa. Miaka tisa haikufika: mwaka 1998 McLaren na Mercedes walimwingiza mtoto huyo, Lewis Hamilton, katika mpango wao wa kulea madereva chipukizi, na mwaka 2007 akaanza kushindana katika Formula One, mbio ambazo magazeti yetu ya Kiswahili huziita langalanga. Kufikia mwaka 2020 alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara saba.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ujasiri wa mtoto, na kweli ujasiri ulikuwepo. Mimi nakianzia hapa kwa ajili ya jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, nalo ni kuhama kwa bili. Kabla ya 1998 kila tairi, kila lita ya petroli na kila ada ya mashindano ililipwa na baba yake, Anthony Hamilton, ambaye wazazi wake walihamia Uingereza kutoka kisiwa cha Grenada, na ambaye kuna nyakati alifanya kazi tatu au nne kwa pamoja ili mwanawe asikose mashindano ya Jumapili. Baada ya 1998 bili ile ile, ambayo sasa ilikuwa inakua kila mwaka, ilikwenda kwa kampuni. Kama isingehama, kipaji cha mtoto kingebaki pale pale kilipo, lakini dunia isingemjua. Kwa hiyo kijana anayeuliza atawezaje kuwa dereva wa mbio bila mali ya familia anauliza, hata kama hajalitamka hivyo, ni lini na kwa nini mtu mwingine atakubali kumlipia.

Ili kulielewa swali hilo ni lazima kwanza tuelewe pesa inanunua nini katika mchezo huu. Wengi hudhani inanunua gari zuri. Gari zuri ni sehemu tu ya gharama, na wala si sehemu inayomtenga zaidi mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri. Mcheza soka asiye na kitu anaweza kupiga danadana uani kutwa nzima kwa mpira wa matambara, na mkimbiaji wa Iten anahitaji barabara ya udongo na mapafu yake. Dereva hana uwanja wa bure. Kila mara anapojifunza, kuna kitu kinaungua, kinalika au kinachakaa, na mtu fulani analipa. Umaskini unaomwangusha dereva ni umaskini wa mizunguko, yaani idadi ya mara alizopata kupita kwenye kona ile ile, akakosea, akarudi, akajirekebisha.

Tuitazame Jumamosi moja kwenye saketi ya karti, vile vigari vidogo vya magurudumu manne visivyo na bodi wala springi, ambamo karibu kila dereva wa langalanga alianzia akiwa na miaka saba au minane. Injini ya karti ya mashindano haifanani na injini ya pikipiki inayodumu miaka. Huzunguka kwa kasi kubwa mno, na baada ya saa chache tu za kukimbia hufunguliwa kwa fundi ikabadilishiwa pistoni. Matairi yake ni ya mpira laini unaonata kama gundi ukipata joto, na ulaini huo ndio unaoyamaliza: asubuhi yakiwa mapya karti inashika kona kana kwamba iko kwenye reli, jioni sehemu ya nyuma ya karti inateleza, muda wa mzunguko umeongezeka kwa vipande vya sekunde, na vipande hivyo ndivyo vinavyomtenganisha wa kwanza na wa kumi. Baba mwenye uwezo hubadilisha seti nzima mchana. Baba asiye na uwezo hupiga magoti kando ya njia na kipimo cha upepo, akipunguza upepo kidogo hapa na kuongeza kidogo pale, ili tairi lililochoka limalize siku.

Tuseme mtoto wa kwanza hufanya mazoezi siku nne kwa wiki na wa pili siku mbili kwa mwezi. Mwisho wa mwaka wa kwanza ana siku zipatazo 200 na wa pili ana 24. Wakikutana kwenye mashindano, watazamaji watasema wa kwanza ana kipaji. Huenda anacho, lakini siku ile hakuna anayeweza kujua. Dhuluma hii haina mtu mbaya ndani yake, maana hakuna baba anayekosea kwa kumpenda mwanawe. Ipo tu, na anayetaka kuishinda ni vyema aijue ilivyo.

Baada ya karti hufuata ngazi ya magari ya kiti kimoja: Formula 4, Formula 3, Formula 2, kisha langalanga yenyewe. Toto Wolff, mkuu wa timu ya Mercedes, aliwahi kupiga hesabu hiyo hadharani katikati ya muongo wa 2010. Alikadiria euro milioni 1 kwa miaka ya karti, euro 350,000 kwa msimu mmoja wa daraja la Formula 4, euro 650,000 kwa kila msimu wa Formula 3, na euro milioni 1.5 kwa msimu wa daraja ambalo leo ni Formula 2. Kwa kuwa wengi hurudia msimu, na kwa kuwa wakati ule kuingia langalanga kwenyewe kulidai fedha nyingine, jumla yake ilifika kati ya euro milioni 7 na 8. Tangu hapo bei zimepanda. Mwishoni mwa ngazi hiyo, mwaka 2025 kulikuwa na viti 20 tu duniani kote, na kuja kwa timu ya Cadillac mwaka 2026 kuliongeza viwili.

Wala huwezi kuikwepa ngazi kwa kuruka. Mholanzi Max Verstappen alipoanza langalanga mwaka 2015 akiwa na miaka 17, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilikaza masharti ya leseni kuu, ile inayomruhusu dereva kushindana langalanga, kuanzia mwaka 2016: kwa kawaida dereva awe ametimiza miaka 18, awe na leseni ya kawaida ya barabarani, na awe amekusanya pointi 40 katika misimu mitatu. Watatu wa kwanza katika Formula 2 hupata pointi zote 40 kwa mkupuo, ilhali bingwa wa Formula 4 hupata 12 tu. Nia ya kanuni ilikuwa usalama, na siwezi kuilaumu nia hiyo. Matokeo yake kwa maskini, hata hivyo, ni kwamba pointi zinapatikana kwenye mashindano ya gharama kubwa, kwa hiyo mlango uliokuwa umeegeshwa kidogo kwa ajili ya mwenye kipaji cha ajabu sasa una kufuli yenye bei. Linganisha na Kimi Räikkönen, aliyeingia timu ya Sauber mwaka 2001 akiwa ameshindana kwa magari mara 23 tu, akamaliza wa sita katika mbio zake za kwanza kule Australia, na mwaka 2007 akawa bingwa wa dunia. Chini ya kanuni za leo asingeruhusiwa hata kuwasha injini kwenye mstari wa kuanzia.

Räikkönen alikulia Espoo, Finland, katika nyumba ambayo choo chake kilikuwa nje. Wazazi wake walipopata fedha za kujenga choo cha ndani, walizielekeza kwenye karti za watoto. Bingwa mwingine wa dunia, Michael Schumacher, alikuwa mwana wa fundi mwashi aliyesimamia uwanja wa karti wa Kerpen, Ujerumani, na mama yake alifanya kazi kwenye kantini ya uwanja huo huo. Schumacher alishindana kwa matairi ambayo wenzake walikuwa wameyatupa. Watu hulitaja hilo kama alama ya ufukara wake, lakini mimi naliona pia kama utajiri wa aina yake, kwa sababu mtoto anayekaa uwanjani kila siku, ambaye baba yake ndiye mwenye funguo, ana mizunguko ambayo mtoto wa daktari hawezi kuinunua. Naye bingwa Fernando Alonso, ambaye baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha baruti karibu na Oviedo, Hispania, alipanda karti ambayo baba alikuwa amemtengenezea dada yake mkubwa, na alipokua kidogo akawa fundi wa karti za watoto wadogo ili ajipatie fedha. Ukizitazama familia hizi tatu, utaona kwamba zilikuwa karibu na karakana. Fedha hazikuwepo, lakini spana zilikuwepo, na mkono unaojua kutengeneza hupunguza bili kwa kiasi ambacho wafadhili wengi hawakifikii.

Ziko familia nyingine ambazo hadithi zao zinanipa hofu kuliko matumaini. Nigel Mansell na mkewe waliuza makazi yao ili agharimie Formula 3 mwaka 1978, na fedha zikaisha baada ya mashindano machache tu. Alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1992, akiwa na miaka 39. Wazazi wa Esteban Ocon, baba akiwa fundi mwenye gereji huko Ufaransa, waliuza nyumba, na familia ikaishi katika nyumba ya magurudumu iliyovutwa na gari kutoka saketi hadi saketi. Ocon alifika. Lakini tunawafahamu Ocon na Mansell kwa sababu walifika, na hakuna mwandishi anayekwenda kumhoji mzazi aliyeuza nyumba kisha mwanawe akaachwa njiani akiwa na miaka 16. Kwa hiyo simshauri mzazi yeyote auze paa linalowafunika watoto wengine kwa ajili ya mmoja. Nyumba nzima haitoshi kulipia nusu ya ngazi ile, na lengo la fedha za familia, ziwe nyingi au kidogo, liwe kumfikisha mtoto mahali ambapo ataonekana na mwenye fedha za kweli.

Mwenye fedha hizo mara nyingi ni kampuni au timu yenye mpango wa kulea madereva. Red Bull ilianza wake mwaka 2001, na ndani yake alipita Sebastian Vettel, mwana wa seremala, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo kuanzia 2010. Ferrari ilifungua chuo chake mwaka 2009. Mipango hii haitoi sadaka. Inanunua madereva wangali rahisi, kama mkulima anayenunua ndama, na inawaacha wengi njiani bila maelezo marefu. Anayeingia humo ni vyema ajue kwamba mkataba unaompa nafasi ndio huo huo unaoweza kumwachisha kazi akiwa na miaka 18, na kwamba asiache shule kwa sababu kampuni imemlipia matairi.

Hata kipaji kikiisha kuthibitishwa, fedha haziondoki mezani. Mwaka 2014 Ocon alitwaa ubingwa wa Formula 3 ya Ulaya, Verstappen akiwa wa tatu. Msimu uliofuata Verstappen alikuwa langalanga, na Ocon akashuka kwenye GP3, daraja jingine la chini, akautwaa ubingwa wake nao. Mlango wake ulifunguka katikati ya mwaka 2016, pale Rio Haryanto wa Indonesia alipokipoteza kiti chake katika timu ya Manor baada ya mashindano 12 kwa sababu wafadhili wake hawakuweza kukamilisha malipo yaliyobaki. Miaka miwili baadaye upepo uligeuka: timu ya Force India, ambayo Ocon alikuwa amehamia, ilifilisika, ikanunuliwa na kundi la wawekezaji lililoongozwa na Lawrence Stroll, na mwaka 2019 mwanawe Lance akachukua nafasi humo, huku Ocon akikaa mwaka mzima akiwa dereva wa akiba wa Mercedes. Akarudi na Renault mwaka 2020, na mwaka 2021, timu hiyo ikiwa imebadilishwa jina kuwa Alpine, akashinda mbio za Hungary. Nimeieleza safari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake mtu yule yule alinufaika na kukauka kwa fedha za mwenzake, kisha akaumizwa na wingi wa fedha za mwingine, na mara zote mbili kasi yake barabarani haikuwa imebadilika.

Hapa nataka msomaji aondoe macho kwenye langalanga. Viti 22 haviwezi kuwa mpango wa maisha wa mtu yeyote, na kijana aliyefika miaka 20 bila kupanda karti hana tena njia ya kweli ya kuvifikia. Lakini udereva wa mbio kama kazi inayolipa ni mpana kuliko hapo, na watu wengi wanaouishi hawajawahi kuonekana kwenye langalanga.

Katika mbio za masafa marefu na za magari ya GT, yaani magari ya spoti ya barabarani yaliyoandaliwa kwa mashindano, FIA huwapanga madereva katika madaraja manne: Platinamu, Dhahabu, Fedha na Shaba. Shaba kwa kawaida ni mtu mzima aliyefanikiwa katika biashara na kuanza mbio akiwa na umri mkubwa, anayependa mchezo na kuugharimia. Mashindano mengi hulazimisha kila gari liwe na dereva wa namna hiyo. Katika daraja la LMGT3 la ubingwa wa dunia wa masafa marefu, tangu mwaka 2024, gari lisilo na Shaba haliruhusiwi. Sasa fikiria hesabu ya huyo mfanyabiashara. Amekwisha kulipia gari, mafundi na matairi. Akitaka kushinda, anahitaji wenzake wa zamu wenye kasi, wasioharibu gari, na wenye subira ya kumfundisha yeye mwenyewe kona baada ya kona. Mwenye sifa hizo hulipwa ada, na wala haulizwi baba yake ni nani. Madereva wengi wa Ulaya na Marekani wanaolipwa wanapata riziki yao hapa, pamoja na kufundisha watoto wa karti siku za wiki. Ni kazi inayodai ulimi mzuri kama inavyodai mguu mwepesi, na kijana asiye na mali angefanya vyema kujifunza kueleza anachokifanya kwa maneno, kwa sababu maelezo hayo ndiyo bidhaa atakayoiuza.

Lakini atafikaje huko bila mizunguko? Kwa sehemu, kompyuta imejibu. Mwaka 2008 Nissan na PlayStation walianzisha GT Academy, shindano lililowachukua wachezaji bora wa mchezo wa video na kuwatia kwenye magari halisi. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Jann Mardenborough, kijana aliyekulia Cardiff, aliyewashinda washiriki wapatao 90,000. Miaka miwili baadaye alipata nafasi ya tatu ya daraja la LMP2 katika mbio za saa 24 za Le Mans. Huko Marekani, Rajah Caruth alijifunza kwenye usukani wa kompyuta bila kupita kwenye karti kabisa, akaingia katika mpango wa NASCAR, mashindano makubwa ya magari ya Marekani, wa kuwainua madereva kutoka jamii zisizowakilishwa, na Machi 2024 akashinda mbio za pikapu za NASCAR mjini Las Vegas. Usukani wa namna hiyo na kompyuta yake si rahisi kwa familia nyingi za kwetu, na intaneti inakatika. Hata hivyo bei yake hulipwa mara moja, na baada ya hapo mzunguko wa elfu moja unagharimu umeme tu. Kile ambacho kompyuta haifundishi ni mwili: shingo inayovutwa kando na kona, moto wa ndani ya gari, na hofu ya ukuta ulio kweli. Hicho mtu atakipata siku atakapoketi ndani ya gari halisi, na atakipata haraka zaidi ikiwa macho na mikono tayari vinajua kazi.

Wasichana wamepata mlango wa aina yake, na historia yake fupi inafundisha. W Series, iliyoanza mwaka 2019, iliwapa wanawake magari, mafundi na usafiri bila kuwatoza chochote. Jamie Chadwick aliutwaa ubingwa wake kila mara uliposhindaniwa, na mwaka 2022 mashindano yalikatizwa kabla ya msimu kwisha kwa kukosa fedha. F1 Academy iliyofuata mwaka 2023 ilichagua njia nyingine: Formula One yenyewe ilichangia euro 150,000 kwa kila gari, na dereva akatakiwa kutafuta kiasi kama hicho. Ya kwanza ilikuwa na haki zaidi, ya pili imedumu zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna ngazi ya langalanga, lakini tuna barabara za vumbi na historia ndefu ya mbio za safari, yaani rally. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mmoja wa mabingwa wake wakubwa alitoka gereji. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932, alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake, akafanya kazi ya kusaidia magari yaliyoharibika barabarani kwa chama cha wenye magari, na akaanza mashindano mwaka 1958. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia. Alirudia ushindi mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19, na takwimu hiyo kwangu ina uzito kuliko ushindi wenyewe, kwa sababu katika mbio zilizokuwa zikimeza magari kwa matope na mashimo, fundi aliyejua gari linalalamika vipi kabla halijavunjika alikuwa na faida isiyouzwa dukani. Baadaye Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Subaru Impreza. Mashindano hayo yalirudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiwa na makao Naivasha.

Mbio za safari zinamfaa asiye na mali kwa sababu kadhaa zinazoshikana. Gari la kuanzia linaweza kuwa la kawaida lililotengenezwa upya. Gharama hugawanywa kati ya dereva, msoma ramani na marafiki wenye spana. Na vyama vya taifa, kama Shirikisho la Mbio za Magari la Kenya, Chama cha Magari Tanzania na shirikisho la vilabu la Uganda, ndivyo vinavyotoa leseni na kusimamia kalenda, kwa hiyo mlango wa kubisha uko nchini. FIA nayo ilianzisha mpango wa Rally Star uliowasaka vijana kwa mchezo wa video na kwa majaribio mafupi ya kukata kona kati ya koni. Humo alipatikana Abdullah Al-Tawqi wa Oman, na humo alitoka Romet Jürgenson wa Estonia, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2024.

Kuna sehemu moja ya bajeti ambayo hairuhusu ujanja. Gari la mbio za safari ni lazima liwe na kizimba cha mabomba ya chuma ndani, viti vya mashindano, mikanda yake, kizima moto, na dereva awe na helmeti pamoja na kifaa cha kukinga shingo. Viti na mikanda hiyo ina kibandiko chenye mwaka wa mwisho wa kutumika, kwa kawaida miaka mitano tangu kutengenezwa, hata kama haikuwahi kupata ajali. Vijana hununua mikanda ya mtumba mizuri ya kuangalia, wanaifunga, wanalipa ada ya kuingia, kisha mkaguzi anainama na kukisoma kile kibandiko, na gari linarudishwa nyumbani juu ya trela. Kabla ya kutoa hata shilingi, soma kibandiko.

Kuhusu wadhamini, nimesoma barua nyingi za vijana wakiomba, na karibu zote zinaeleza ndoto ya mwandishi. Muuza matairi wa Nakuru au wa Arusha ana ndoto zake mwenyewe, na anachotaka kujua ni nani ataliona jina lake na atauza matairi mangapi. Barua yenye picha ya gari lenye nembo yake mlangoni, tarehe za mashindano matatu, ahadi ya kuliegesha gari hilo mbele ya duka lake Jumamosi ya kabla ya mbio, na ombi la matairi manne badala ya fedha taslimu, hujibiwa mara nyingi zaidi kuliko ile ya kurasa tano kuhusu kipaji. Baada ya mbio, mpelekee taarifa ya kurasa mbili hata kama uliachwa kwenye matope, kwa maana mdhamini wa mwaka wa pili hupatikana kwa taarifa ya mwaka wa kwanza.

Na ikiwa hata gari la kuanzia halipo, kiti cha kulia cha gari la mwenzio au cha kushoto, kulingana na usukani ulipo, ndicho kiti cha bei nafuu zaidi katika mchezo mzima. Msoma ramani hugharimia leseni yake na mara nyingi helmeti yake. Gari na petroli ni za mwingine. Dereva anayemtafuta hahitaji mwenye fedha. Anahitaji mtu atakayekaa naye siku mbili kabla ya mbio wakipita njiani polepole, akiandika kwenye daftari kila kona na ukali wake, kila daraja na kila mtaro, kisha siku yenyewe ayasome maandishi hayo kwa sauti ile ile, gari likirukaruka kwa kilomita 140 kwa saa, bila kutapika na bila kupoteza mstari. Atakayeweza hayo msimu mmoja atakuwa amepita kwenye mamia ya kilomita za mashindano akiona kwa karibu mguu wa dereva unakanyaga wapi na unaachia wapi, na mizunguko hiyo yote italipiwa na mtu mwingine.